Ngoma za Gishora

Kiasi cha kilomita 7 kaskazini ya mji wa Gitega, katika milima ya Giheta nchini Burundi, kiko kilima kiitwacho Gishora. Mgeni apitaye huko huona migomba, mibuni, mashamba madogo ya maharagwe na mtama, na nyumba zilizotawanyika, maana tangu zamani Warundi hawakuwa na desturi ya kusongamana kijijini. Kila mtu alijenga ndani ya shamba lake.

Juu ya kilima hicho Mwami Mwezi Gisabo, aliyeitawala Burundi hadi mwaka 1908, alijenga makao yake baada ya kumshinda mtemi mwasi, Ntibirangwa. Hapo ndipo zinapotunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Ya kwanza ni yule ambaye watu humfyekea msitu. Ya pili ni yule anayelimiwa. Majina hayo peke yake yaeleza uchumi wa ufalme ule: jembe la raia ndilo lililomlisha Mwami. Wala si ajabu kwamba katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Katika sherehe ya umuganuro, ngoma ndizo zilizotangaza msimu wa kupanda mtama.

Tarehe 28 Novemba 1966 Micombero aliufuta ufalme. Ngoma zilibaki, na wakulima wa Gishora wakaendelea kuwarithisha watoto wao kazi hiyo, hata mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu.

Lakini ngoma isiyo na Mwami ni ya nani? Oktoba 2017 amri ya Rais iliagiza kwamba ngoma zipigwe katika sherehe rasmi, kwingineko kwa kibali na malipo, na ikawakataza wanawake kuzipiga. Kulinda heshima ya ngoma ni jambo la haki. Hata hivyo, ada ya kibali humlemea zaidi mkulima anayetazamia arusi impatie chochote baada ya mavuno.

Liko na suala la mti wenyewe. Ngoma huchongwa katika gogo la umuvugangoma, yaani mti unaozisemesha ngoma, nao huchukua miaka mingi kunenepa. Katika nchi ambamo shamba la baba hugawanywa kwa wanawe, aupandaye leo huutolea ardhi ambayo ingempa maharagwe msimu huu huu.