Alipochagua saumu badala ya fainali

HEBU fikiria fainali za kombe zimewadia, mashabiki wamefurika uwanjani, kisha mchezaji hodari kuliko wote anakataa kucheza kwa sababu ya dini yake. Utamwita mwenda wazimu?

Hayo yalitukia Marekani tarehe 6 Oktoba 1965. Timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers ilikuwa ikianza fainali dhidi ya Minnesota Twins. Mrushaji wake stadi, Sandy Koufax, hakushuka uwanjani. Siku hiyo ilikuwa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambapo Wayahudi hufunga na kuacha kazi zote. Koufax hakuwa mtu wa kushika kila sheria ya dini, lakini siku hiyo aliiheshimu. Dodgers walicharazwa 8-2.

Je, dini ya Kiyahudi huchukia michezo? La hasha! Katika Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, wamo waliosema kuwa baba anapaswa kumfunza mwanawe hata kuogelea. Maimonides, mwanachuoni na tabibu aliyefariki mwaka wa 1204, alihimiza mazoezi. Aliandika kwamba kuutunza mwili ni njia mojawapo ya Mungu, kwani mgonjwa hawezi kumjua Muumba wake sawasawa. Isitoshe, ipo baraka ambayo Myahudi hutamka aonapo kiumbe aliyeumbika vizuri. Sifa humwendea aliyemuumba.

Kwa mtazamo huo, mbio za mwanariadha au mkono wa mrushaji ni amana. Mtu huitumia kwa bidii, lakini hukumbuka mwenyewe ni nani. Ndiyo maana kuna siku ya kuuweka mpira chini.

Saumu, hata hivyo, si hirizi. Koufax aliporejea siku iliyofuata, alishindwa 5-1. Hakukata tamaa. Alishinda mechi ya tano, na tarehe 14 Oktoba, baada ya kupumzika siku mbili tu na akiwa na kiwiko kibovu, alishinda ya saba 2-0. Kombe likawa la Dodgers.

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Mzazi, unapomshangilia mwanao uwanjani, je, umemfunza pia ni jambo gani asilopaswa kuliuza kwa ajili ya kombe?