Waacheni Yamabushi na Maneno Yao Tisa

Taja ishara za mikono za Wajapani mbele ya mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video, atakujibu neno moja: ninja. Mtu kavaa nguo nyeusi, kaficha uso, anasokota vidole na kunong'ona, mara katoweka kwenye moshi. Sinema hizo zimewapa majasusi sifa isiyo yao. Wenye desturi hiyo ni yamabushi, watawa wa milimani wanaofuata njia ya Shugendo, na safari yao haikuwa ya kutoweka. Ilikuwa ya kupanda mlima na kurudi salama.

Maneno yenyewe ni tisa: rin, pyo, to, sha, kai, jin, retsu, zai, zen. Kila neno lina umbo lake la mikono. Katika umbo mojawapo, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto husimama wima, kikashikwa ndani ya ngumi ya kulia. Ndivyo alivyokaa Buddha Dainichi katika sanamu aliyoichonga Unkei mwaka 1176, iliyoko hekalu la Enjo-ji, Nara. Kisha mkono wa kushoto hugeuka ala, na vidole viwili vya kulia vikachomolewa humo kama upanga. Vinakata hewa, mlalo, wima, mlalo, wima, neno moja kila mkato, mpaka itimie mistari mitano ya mlalo na minne ya wima. Upanga unarudi alani, na mtu anaendelea na njia yake.

Ugomvi uko kwenye asili. Wafuasi wa madhehebu ya Kibuddha ya Shingon wanakumbusha kwamba mwanzilishi wao, Kukai, alikwenda China mwaka 804, akafundishwa na Huiguo mjini Chang'an, akarejea mwaka 806 na elimu ya siri: mkono ufanye ishara, kinywa kitamke mantra, moyo umtafakari Buddha. Nasaba yao inapanda hadi India, kwa mwalimu Nagarjuna aliyefungua mnara wa chuma uliohifadhi mafundisho hayo, na juu yake Dainichi mwenyewe. Mnara ni hekaya, lakini India imo kweli: moto wa ibada uitwao goma unatokana na sadaka za Veda.

Wapinzani wanafungua kitabu kingine. Maneno yale tisa ni ya Kichina, na yanakaribiana neno kwa neno na yale aliyoyaandika Ge Hong, mwanazuoni wa Utao wa karne ya 4, katika Baopuzi, miaka mia nne na zaidi kabla ya Kukai. Hakuna Kisanskriti humo, wala ishara za vidole. Basi wanahitimisha: hii ni mantra bandia.

Bandia kwa nani? Ge Hong aliyaweka maneno hayo katika sura inayomfundisha mtu namna ya kuingia milimani bila kudhurika. Yamabushi wakayachukua, wakayavika ishara za Kibuddha, wakapanda nayo mlima Omine. Haja ni ile ile baada ya miaka zaidi ya elfu moja na mia sita. Mrithi gani mwaminifu kuliko huyo?

Na wao hawaliogopi swali la asili. Kabla ya moto wa saito goma, mgeni husimamishwa langoni na kuhojiwa kwa sauti kali: Shugendo imeanzishwa na nani? Kikofia hicho cheusi kipajini kina maana gani? Akijibu vyema, kwamba mwanzilishi ni En no Gyoja, anaruhusiwa kupita. Ndipo mishale inarushwa pande zote kuusafisha uwanja, na rundo la magogo lililofunikwa matawi mabichi ya mti wa hinoki linawashwa. Moshi mzito mweupe unatangulia, ndimi za moto zinafuata, na vijiti vilivyoandikwa haja za watu vinatupwa ndani. Kutembea juu ya makaa na kusimama chini ya maporomoko sitaeleza. Wapiga picha wameshayamaliza.

Kinachoniuma ni kwamba hoja ya usafi wa asili ina historia mbaya. Mwaka 1868 serikali ya Meiji ya Japani iliamuru Ubuddha na Ushinto vitenganishwe. Mwaka 1872 ikaipiga marufuku Shugendo, kwa kuwa ilikuwa mchanganyiko usiotenganika. Yamabushi waliambiwa wajiunge na madhehebu ya Tendai au Shingon, la sivyo warudi uraiani. Huko mlima Haguro mahekalu yakageuzwa kuwa ya Kishinto. Uhuru ulirudi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini nasaba nyingi za walimu zilikuwa zimeshakatika.

Kwa hiyo anayetaka kutoa Uchina ili ibaki India, au kutoa India ili ibaki Japani, ajue kazi hiyo ilishajaribiwa kwa nguvu ya dola. Haikupata desturi safi. Ilipata milima isiyo na watawa.