Mtayarishaji wa Ritani Hujulikana kwa Rundo Lake

Serikali kuu ya Marekani haidai leseni kwa mtu anayejaza ritani za kodi za wenzake kwa malipo. Majimbo machache, kama Oregon na California, yana masharti yao. Kwingineko inatosha kujiandikisha IRS, mamlaka ya kodi, na kupewa namba iitwayo PTIN. Mwaka 2011 IRS iliweka kanuni za kuwapa watayarishaji mtihani. Februari 2014, katika kesi ya Loving, mahakama ya rufaa mjini Washington ikaamua kwamba IRS haina mamlaka hayo. Miezi miwili baadaye wakaguzi wa Bunge wakaeleza walivyojifanya wateja kwa watayarishaji 19: wawili tu walipiga hesabu sahihi ya marejesho.

Imebaki PTIN, na hapo ndipo akili mnemba inapofaa. Tuseme mkimbizi kutoka Kongo anafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Mtayarishaji anamwongezea biashara ya kusuka nywele asiyokuwa nayo, mapato yafike pale ambapo EITC, nafuu ya wenye kipato kidogo, huwa kubwa kabisa. Ritani hiyo ukiisoma peke yake, huoni ajabu. Panga sasa ritani 400 za PTIN hiyo hiyo: nusu ya wateja ni wasusi, hakuna aliyenunua hata chanuo, na mapato yao yanapishana kwa dola chache. Kompyuta hulitambua rundo la namna hiyo mara moja.

Mjanja zaidi hasaini kabisa. Ritani huonekana kana kwamba mteja kajijazia. Huyo hutafutwa kwa alama nyingine: akaunti moja ya benki inayopokea marejesho ya watu wengi, au anwani moja ya intaneti iliyotuma ritani zao zote.

Hatari ipo. Januari 2023 watafiti wa Stanford na wenzao walionyesha kwamba walipakodi Weusi walikaguliwa kati ya mara 2.9 na 4.7 zaidi ya wengine, ingawa IRS haina taarifa za rangi ya mtu. Mei mwaka huo IRS yenyewe ikakiri tofauti hiyo. Sababu mojawapo ni kwamba mifumo iliwinda madai ya EITC badala ya kuuliza ni wapi kodi nyingi zaidi inapotea. Kwa hiyo mtayarishaji alinganishwe na wenzake wenye wateja wa hali ileile; la sivyo, kuhudumia maskini kutageuka dalili ya wizi.

Kompyuta ikishaonyesha jina, kazi ni ya afisa: kuhoji wateja, kutoza faini, kuomba zuio la mahakama. Kwa tapeli, sheria iliyopo inatosha. Kwa asiyejua kazi, haitoshi: IRS inaweza kuyaona makosa yake yote na bado haina uwezo wa kumlazimisha akasome. Uwezo huo utatoka kwa Bunge tu.