Chukudu ndani ya kompyuta: kwa nini kaye inatangulia?

Kijana anayetaka kutengeneza vitu vya 3D leo hana shida ya kununua programu. Blender ni ya bure, na tangu 2002 iko wazi kwa kila mtu. Filamu ya Flow, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa nayo. Lakini wengi wanaanza kazi bila kuandika kitu, na katikati wanakwama.

Tuchukue chukudu yetu ya hapa Kivu ya Kaskazini. Kila mutu wa Goma anaijua. Lakini ukae mbele ya kompyuta: gurudumu lina upana gani? Usukani unaingia wapi kwenye mti? Kichwa kinajibu haraka, na mara nyingi kinakudanganya.

Kabla ya kuwasha mashine

Nenda kwa fundi na kaye, biki na metre. Umuombe ruhusa, umueleze kazi yako. Pima urefu, upana na unene wa kila kipande, uandike palepale kwa santimetre. Chora hata vibaya, bora vipimo vionekane.

Halafu piga picha: mbele, nyuma, pembeni, chini. Usisogee karibu sana, juu telefone inapinda umbo la kitu kilicho karibu. Weka metre ndani ya picha. Andika pia tarehe, mahali, aina ya mti, na jina ambalo fundi mwenyewe anaita kila kipande. Majina hayo hayapatikani kwenye intaneti.

Wakati wa kazi

Blender inahesabu kwa metre: santimetre 40 utaandika 0.4. Usiandike kila siku juu ya faili moja. Ipe namba: chukudu_01, chukudu_02. Kabla ya kufunga, andika mistari mitatu: nimefanya nini, kimebaki nini, ninatumia toleo gani la Blender. Faili ya toleo jipya inaweza kukataa kufunguka vizuri kwenye toleo la zamani la rafiki yako.

Mapicha ya rangi na mbao yakae kwenye dosie moja na faili. Ukihamisha faili peke yake, chukudu itakuwa ya pinki, juu Blender haioni tena picha zake. Na kwa sababu umeme unakatika bila kuaga, kopi moja ibaki kwenye kle USB, nje ya kompyuta.

Picha ukiitoa kwa mutu mwingine, andika ni ya nani na kama amekuruhusu. Jina la fundi nalo liandikwe, kama amekubali. Bila mikono yake hakuna modeli.

Kitu kikishapotea hakipimwi tena

Tarehe 22 Mei 2021, lava ya Nyiragongo ilifunika nyumba nyingi kaskazini mwa Goma. Anayetaka kuonyesha watoto wake nyumba ile ilivyokuwa, atategemea picha na vipimo kama vilikuwepo. Vivyo hivyo kwa ufundi wa chukudu: vipimo vingi viko kwenye mikono ya wazee, si kwenye karatasi.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, usingoje kompyuta nzuri. Kaye na metre vinatosha kuanza leo, pale kwenye kartye yako, na kitu ambacho bado kiko.