Dupatta si fulari

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno dupatta katika hadithi ya Kihindi au ya Kiurdu, mara nyingi huandika “kitambaa cha kichwa” na kuendelea. Kwa maoni yangu, tafsiri hiyo huharibu hadithi.

Neno lenyewe lina sehemu mbili: du, yaani mbili, na patta, ukanda wa nguo. Ni kitambaa chepesi chenye urefu wa karibu mita 2.5 na upana wa mita 1 hivi, kinachovaliwa pamoja na kameez, gauni la juu, na salwar, ambayo ni ndugu wa suruali yetu: maneno yote mawili yana asili ya Kiajemi. Wapunjabi husema chunni. Kule Rajasthan kuna odhni, iliyo pana zaidi: ncha moja huchomekwa kiunoni kwenye sketi, kisha nguo hupanda begani hadi kichwani.

Tazama sasa inavyovaliwa. Msichana wa chuo huko Lahore au Delhi anaweza kuitupa mabegani, ikining’inia kifuani na ncha zake mbili zikiangukia mgongoni. Siku ya arusi huikunja vizuri na kuibana kwa pini bega moja, ili nakshi zionekane. Akisikia adhana, au akiingia katika hekalu la Masingasinga, huivuta kichwani. Mke aliyeolewa katika vijiji vya Rajasthan na Haryana huishusha hadi usoni mbele ya baba mkwe. Desturi hiyo huitwa ghunghat, na wanawake wengi wa huko wanaipinga waziwazi.

Kwa hiyo nguo ni ileile, lakini mahali ilipo mwilini panasema mtu yuko mbele ya nani. Mwandishi akisema “aliivuta kichwani”, ametueleza kwamba mzee ameingia chumbani, bila kumtaja. Ukiwa umekwisha kuandika “kitambaa cha kichwa”, sentensi hiyo haina maana tena: kilikuwa wapi hapo kabla?

Kuna mazito zaidi. Wanawake wawili wanaobadilishana dupatta huwa dada, na udada huo huheshimiwa kama wa damu. Mama anayeiweka miguuni pa mtu anaomba msamaha au uhai wa mwanawe, kwa kuwa ameweka chini heshima yake yote. Anayekataa hapo amefanya jambo kubwa.

(Wanaume nao wana zao. Katika Sindh, ajrak, yenye rangi ya nili na nyekundu iliyopigwa kwa mihuri ya mbao, huwekwa mabegani mwa mgeni wa heshima.)

Tufanyeje basi? Fulari yetu, iliyotoka kwa Kifaransa, hufungwa kwa fundo kichwani, dupatta haifungwi. Kinachofungwa ni bandana, neno lililotoka India pia, katika kitenzi chenye maana ya kufunga. Watu wa pwani wana mtandio, kutoka kutanda, nao unakaribia zaidi, ingawa wasomaji wengi wa Bukavu au Lubumbashi hawautumii. Mimi ningeacha dupatta kama ilivyo, na kazi ningewapa vitenzi: alijitanda, aliitupa begani, aliivuta kichwani, aliitandika miguuni pake.