Walker: Alisukumwa nje ya uwanja, akahubiri kurejea Afrika

Wasomaji wengi wanamjua Jackie Robinson, Mmarekani mweusi aliyeingia ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Lakini miaka 63 kabla yake, Moses Fleetwood Walker alikwisha kucheza mechi 42 za ligi kuu akiwa na timu ya Toledo.

Alikuwa mdakaji, anayekaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara ya mpira utakavyokuja. Alidaka mara nyingi kwa mikono mitupu. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikiri baadaye kuwa hakupata mdakaji bora kuliko huyo, ila alizipuuza ishara zake kwa sababu ya rangi. Hebu fikiria maumivu ya vidole!

Milango ilifungwa. Mwaka 1889 akaachana na mchezo huo, na mwaka 1908 akachapisha kitabu akiwataka weusi wenzake warejee Afrika.

Mimi mrejeaji namwelewa. Ila sisi tulipovuka mpaka tulikuwa na kilima cha babu cha kuulizia. Walker alizaliwa Ohio, wala hakuhamia Afrika. Alifariki Cleveland mwaka 1924.