Sumukuvu Haionekani kwa Macho: Siku za Kuanika Mahindi Ndizo Zinazolinda Familia

Katika sehemu nyingi za Ukambani, mahindi ya mvua ya vuli huvunwa kuanzia Januari hadi mapema Machi. Huo ni wakati wa shughuli nyingi nyumbani: mahindi yanaanikwa uani, yanapukuchuliwa, yanatiwa magunia. Pia ni wakati ambapo mawingu ya masika huanza kujikusanya. Mwenye shamba hulazimika kuamua haraka: ayaache mahindi yakauke sawasawa, au ayaingize ndani mapema yasinyeshewe au kuibwa?

Wengi huyaingiza ndani. Uamuzi huo unaeleweka, lakini una hatari yake. Mahindi yakiwekwa kabla ya kukauka, yanaweza kuota kuvu inayotoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo wengi huijua kwa jina la aflatoxin. Sumu hiyo haina rangi, haina harufu, wala haina ladha, na ikishaingia kwenye punje haiondoki kwa kupika. Kwa sababu hiyo, kinga kubwa inapatikana uani, katika siku chache kati ya kuvuna na kufunga gunia.

Yaliyotokea 2004

Mwaka 2004, sehemu za Ukambani na maeneo jirani zilishuhudia mojawapo ya visa vibaya zaidi vya sumukuvu kuwahi kurekodiwa duniani. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao kufariki katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 ugonjwa kama huo ulizuka Machakos, na kati ya wagonjwa 20 waliolazwa, 12 walifariki.

Wengi wa waathiriwa wa 2004 hawakuwa wamekula kitu kigeni. Walikula chakula cha kila siku kilichotokana na mahindi waliyolima wenyewe. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba mahindi yaliwekwa yakiwa na unyevu, na kwamba familia zilizoyahifadhi ndani ya nyumba za kuishi zilikuwa katika hatari zaidi kuliko zilizotumia ghala. Ndani ya nyumba kuna joto, hewa haipiti vizuri, na sakafu hupandisha unyevu. Hayo yote huifaa kuvu.

Jinsi sumu inavyoingia

Kuvu inayotoa sumu hii huishi udongoni na kwenye mabaki ya mimea. Mara nyingi rangi yake ni kijani iliyochanganyika na manjano. Huanza kuvamia mahindi yakiwa bado shambani, hasa ukame unapoyadhoofisha au wadudu wanapoyatoboa. Baada ya mavuno, huendelea kuzaana palipo na joto na unyevu.

Jambo ambalo huwapotosha wengi ni kudhani kwamba mahindi yasiyo na kuvu hayana sumu. Kuvu inaweza kupanguswa au kukauka, lakini sumu ikabaki ndani ya punje. Kwa sababu hiyo, kufuta mahindi kwa kitambaa au kuyaanika tena baada ya kuota kuvu hakuyafanyi kuwa salama.

Kupika nako hakusaidii. Maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali sumukuvu huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili kuharibika. Ugali uliosongwa vizuri au githeri iliyochemka kutwa nzima bado itakuwa na sumu ikiwa mahindi yenyewe yalikuwa nayo. Kutengeneza pombe kwa mahindi yaliyoharibika pia hakuondoi sumu. Kunaihamisha tu kutoka sufuriani hadi kikombeni.

Madhara kwa mwili

Sumukuvu hushambulia ini. Mtu akila kiasi kikubwa kwa muda mfupi, anaweza kutapika, kuumwa na tumbo, macho kugeuka manjano, na tumbo au miguu kuvimba. Hakuna dawa maalum ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Daktari humsaidia mgonjwa kukabiliana na dalili zake. Anayeonekana na dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja, na familia iache kula mahindi waliyokuwa wakitumia hadi yachunguzwe.

Madhara ya polepole ni magumu zaidi kuyatambua. Anayekula kiasi kidogo kwa miaka mingi hujiongezea uwezekano wa kupata saratani ya ini. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya kuzuia virusi hivyo hutolewa kwa watoto wachanga katika vituo vya afya wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na mzazi anayehakikisha mtoto wake amezikamilisha humlinda pia dhidi ya hatari hii. Kwa watoto wadogo, sumukuvu inahusishwa na kudumaa, na uji wa mahindi ndio chakula cha wengi wao baada ya kuanza kula.

Kuvuna na kuanika

Mahindi yavunwe yakiwa yamekomaa. Njia rahisi ya kujua ni kung'oa punje moja na kutazama kitako chake: ukiona alama nyeusi, punje imekomaa. Kuyaacha shambani muda mrefu baada ya hapo huyaweka wazi kwa wadudu, ndege na mvua.

Yasianikwe juu ya udongo mtupu, kwa kuwa udongo ndio makao ya kuvu. Tumia turubai, mkeka au kichanja kilichoinuliwa. Wakati wa kuanika:

- Tandaza mahindi yawe tabaka jembamba, kina cha vidole vitatu hivi. Rundo nene hukauka juu tu.
- Yageuze mara kwa mara mchana ili yakauke sawasawa.
- Yafunike au yaingize ndani kabla ya jua kuzama. Umande wa usiku mmoja hurudisha unyevu wa siku nzima ya jua.
- Kuku na mbuzi wasiyafikie. Kinyesi na maji yao huchafua na kulowesha nafaka.

Wakati wa kupukuchua, epuka kuyapiga kwa fimbo ndani ya gunia. Punje zinazopasuka huwa mlango wa kuvu na wadudu. Pukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri, kisha upepete na kutoa punje zilizovunjika.

Jaribio la chumvi

Mahindi ya kuhifadhiwa yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wengi hupima kwa kuuma punje au kusikiliza mlio wake yakimwagwa. Njia hizo zina maana kwa mwenye uzoefu, lakini hukosea. Kuna jaribio jingine ambalo kila nyumba inaweza kulifanya kwa chupa ya glasi na chumvi ya jikoni.

Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Chota mahindi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, juu, katikati na chini, uijaze chupa hadi theluthi moja. Ongeza vijiko vitatu vikubwa vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie kwa dakika 15.

Tazama kuta za chupa. Chumvi ikigandana kwenye glasi, mahindi bado ni mabichi. Unyevu wake umezidi asilimia 15. Chumvi isipogandana, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hapo mahindi yamekaribia, lakini bado si wakati wa kufunga gunia. Yaanike tena siku moja au mbili za jua kali ili yafike kiwango kinachotakiwa.

Mwenye mzigo mkubwa, au aliyekutwa na mvua, anaweza kuuliza kuhusu huduma ya kupima unyevu na kukausha kwa mashine katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Majirani wakiunganisha mavuno yao, gharama ya kusafirisha hupungua.

Kuhifadhi

Ghala liwe na paa lisilovuja na sakafu iliyoinuliwa. Asiye na ghala na anayelazimika kuweka magunia ndani ya nyumba ayaweke juu ya mbao, yasiguse ukuta, na mahali pasipo na moshi wa maji yanayochemka. Magunia ya nailoni ya kawaida yaliyofumwa kwa kubana hayapitishi hewa vizuri, kwa hivyo mahindi yenye unyevu huoza humo haraka.

Magunia yasiyoingiza hewa yamewasaidia wakulima wengi. Ndani yake huwa na mfuko mmoja au miwili ya plastiki, na kila mfuko hufungwa peke yake kwa kukazwa. Wadudu waliomo hukosa hewa na kufa, kwa hivyo hakuna haja ya kuchanganya nafaka na dawa ya unga. Lakini magunia hayo hayakaushi mahindi. Ukitia mahindi mabichi, utayatoa yameoza.

Kwa msimu ujao, wakulima wanaweza pia kuzungumza na afisa wa kilimo kuhusu Aflasafe KE01. Hii ni bidhaa iliyotengenezwa kwa kuvu ya aina isiyotoa sumu. Hunyunyizwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kwa kiasi cha kilo 4 kwa ekari, nayo huchukua nafasi ya kuvu yenye sumu. Hata aliyeitumia bado anapaswa kukausha na kuhifadhi vizuri.

Jikoni na sokoni

Kabla ya kupika au kupeleka mahindi kusagwa, yachague kwa mkono. Toa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa. Ukiyaosha, tupa zinazoelea. Ziba pua na mdomo kwa kitambaa unapochagua mahindi yenye vumbi la kuvu. Kazi hii hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mara nyingi punje chache ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima.

Kukoboa pia husaidia. Kuondoa ganda na kiini, kama inavyofanywa wakati wa kutengeneza muthokoi, hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hujikusanya sehemu hizo. Hata hivyo, kukoboa hakuwezi kuokoa mahindi yaliyoharibika. Makapi yake pia yasipewe mifugo ikiwa mahindi yalikuwa na kuvu.

Anayenunua mahindi sokoni asione haya kuingiza mkono katikati ya gunia. Mahindi yenye joto, yanayonata au yenye harufu ya uvundo yaachwe, hata kama bei ni nafuu. Kwa unga wa pakiti, tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria ni sehemu 10 za sumukuvu kwa kila sehemu bilioni moja za chakula.

Kubadilisha chakula nako ni kinga. Familia inayokula mahindi asubuhi, mchana na jioni hupata sumu mara tatu ikiwa gunia lina kasoro. Viazi vitamu, mihogo, ndizi, mtama na wimbi vikipata nafasi mezani, kiasi hicho hupungua. Karanga nazo zichaguliwe kwa makini, kwa sababu zinashambuliwa na kuvu hiyohiyo.

Mahindi yakishaharibika

Hapa ndipo penye ugumu zaidi. Mwenye magunia matatu, ambayo ndiyo chakula cha nyumba hadi mavuno yajayo, hawezi kuyatupa kwa moyo mwepesi. Wengine huyachanganya na mazuri, huyauza, au huwapa ng'ombe na kuku. Kuchanganya hakuondoi sumu, bali huiingiza katika magunia yaliyokuwa salama. Kuuza humhamishia jirani ugonjwa. Ng'ombe akila, sumu hupita na kutokea kwenye maziwa yanayorudi kikombeni mwa mtoto.

Kabla ya kuamua, mwite afisa wa kilimo wa wadi ayatazame mahindi na kushauri kama kuna sehemu inayoweza kuokolewa. Yaliyoharibika kabisa yafukiwe kwenye shimo refu, mbali na kisima na mahali ambapo mifugo haifiki. Familia iliyopoteza chakula chake imjulishe chifu au msimamizi wa wadi mapema, ili ihesabiwe wakati msaada wa chakula unapopangwa. Kunyamaza kwa kuona aibu kumewafanya wengi wale mahindi waliyojua ni mabovu.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kuulizwa kuhusu dalili za ugonjwa na chanjo za watoto. Ukiona watu wawili au zaidi wa nyumba moja, au wa nyumba jirani, wana macho ya manjano kwa wakati mmoja, toa taarifa katika kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Chukua pia mahindi kidogo ya nyumba hiyo kwenye karatasi kavu, ili yapate kuchunguzwa.

Turubai moja, chupa ya glasi na vijiko vitatu vya chumvi ni vitu vinavyopatikana karibu kila mahali. Vikitumiwa kabla ya gunia kufungwa, chakula cha mwaka mzima kinaweza kuliwa bila hofu.